Usikanyage

"Mama, umekuwa ukikanyaga?"

Daktari aliniuliza hivyo akiwa bado anaitazama picha ya eksirei, hajanigeukia. Ilikuwa wiki ya 6. Plasta ilikuwa imetoka tu kukatwa na mguu wangu wa kulia ulikuwa umelazwa pale kitandani, mwembamba, umepauka, ngozi inabambuka kama ya kitunguu. Mkobani nilikuwa nimebeba kiatu cha kulia. Cha kushoto nilikuwa nimekivaa. Asubuhi ile nilikuwa nimemwahidi kifungua mimba wangu, binti wa miaka 4, kwamba jioni tutapanda ngazi nimemshika mkono.

Ufa ulikuwa palepale. Hata mimi nisiyejua kusoma picha niliuona: mstari mweusi umeukata mfupa wa ukingo wa nje wa mguu, karibu na shina lake, kana kwamba umechorwa kwa kalamu siku hiyohiyo.

"Kidogo tu, daktari," nikasema.

Ninaandika kwa ajili ya hiyo "kidogo". Najua yuko mama mahali, Free Area hapa Nakuru, au Kondele, au Mumias, ambaye usiku wa leo ana plasta mbichi mguuni, mtoto analia chumba cha pili, na ameambiwa neno moja tu: usikanyage.

Nilivunjika mwezi wa Aprili, mvua za masika zikiwa zimeshika. Tunakaa gorofa ya 3, jengo halina lifti, na wiki hiyo maji yalikuwa hayapandi kwenye tangi. Nilishuka na kitinda mimba mgongoni, mvulana wa miezi 11, nimemfunga kwa leso, nikajaza mtungi wa lita 20 na kuanza kupanda. Vidato vilikuwa vimelowa kwa maji ya waliotangulia. Katikati ya ngazi ya pili unyayo wangu ulishika nusu ya kidato, kisigino kikabaki hewani, na uzito wote, wangu na wa mtoto na wa maji, ukaangukia ukingo wa nje wa mguu. Nilisikia ka! kama kijiti kikavu cha kuwashia moto. Niliuachilia mtungi nikakumbatia chuma cha ngazi kwa mikono miwili, kwa sababu jambo pekee lililokuwa kichwani ni kwamba nisianguke chali. Mtoto hakulia. Alicheka kwa sauti, maji yakiteremka vidato kama mto.

Kliniki ya kwanza niliyokwenda walinishika kifundo, wakakizungusha, wakaniambia nimeteguka. Nilifungwa bandeji nikapewa dawa ya maumivu. Picha sikupigwa. Niliutembelea mguu ule siku 9, nikipika, nikifua, nikimbeba mtoto, na kila jioni ulivimba hadi ndara ikakataa kuingia. Nakiri kwamba nilifurahi nilipoambiwa nimeteguka. Kuteguka ni jambo la wiki moja, na mimi wiki moja ningeimudu.

Siku ya 10 binti yangu aliinama akauangalia akasema, "Mama, mguu wako umekuwa biringanya." Tukaenda hospitali nyingine.

Jambo ambalo natamani ningelijua siku ya kwanza ni hili. Ipo kanuni ndogo ambayo madaktari wa vyumba vya dharura huitumia nchi nyingi, ilitungwa Ottawa, Kanada, na kuchapishwa mwaka 1992. Haihitaji mashine. Mtu akiumia katikati ya mguu, daktari humbonyeza kwa kidole kwenye shina la mfupa unaoelekea kidole kidogo, ile nundu unayoweza kuipapasa katikati ya ukingo wa nje. Ukisikia uchungu hapo juu ya mfupa, basi picha ipigwe. Vilevile ikiwa hukuweza kwenda hatua 4 mara tu baada ya kuumia, na hata ulipofika hospitalini bado huwezi. Mimi siku ile ya kuumia hatua 4 nilikuwa sizimalizi, na hiyo nundu hata shuka ikiigusa nilikuwa nashtuka. Kwa hiyo ukiambiwa umeteguka na hapo ndipo panapouma, omba kwa heshima ubonyezwe hapo. Omba tena.

Fundi wa plasta alikuwa kijana mpole. Aliloweka yale mabunda ya bandeji ya plasta kwenye beseni, akayazungusha kuanzia chini ya goti hadi karibu na vidole, na nikashangaa plasta ilivyopata joto yenyewe ilipokuwa ikishika, joto la uji uliopoa kidogo. Aliniambia isiguse maji, itachukua siku mbili au tatu kukauka kabisa ndani, na vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi au vikifa ganzi nirudi mbio usiku au mchana. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au nikikosa pumzi ghafla, hivyohivyo, maana damu huweza kuganda kwenye mguu usiotumika. Yote hayo aliyaeleza vizuri. Kisha akasema lile neno. "Usikanyage, mama. Wiki 6."

Mguu mmoja una mifupa 26. Uliovunjika kwangu unaitwa metatasali ya tano, mfupa mrefu wa mwisho kwa upande wa nje. Nilikuwa nadhani mfupa ni mfupa, wa paja na wa kidole yote huunga vilevile. Sivyo. Daktari alinieleza kwamba damu huuingia mfupa huu kutoka pande mbili, na mahali pale karibu na shina ni kama mpaka wa mashamba mawili ambapo mfereji wa huku haufiki vizuri na wa kule pia haufiki. Ukivunjika hapo hasa, unaunga polepole kuliko sehemu nyingine, na mara nyingine hauungi. Mivunjiko ya hapo ina jina la daktari wa Liverpool, Robert Jones, aliyeiandika mwaka 1902. Mmoja kati ya miguu aliyoieleza ulikuwa wake mwenyewe. Alikuwa akicheza dansi. Nilipoambiwa hivyo nilifarijika kwa namna ambayo siwezi kuieleza vizuri, kwamba aliyeupa mvunjiko huu jina lake aliujua kwa uchungu wake mwenyewe.

Mfupa unapoanza kujitengeneza, kwanza damu huganda pale palipoachana. Halafu hujengeka gegedu laini, kama lile la sikioni, kwa wiki kadhaa, na baadaye gegedu hilo hugeuzwa kuwa mfupa. Lile gegedu la mwanzo ni laini kweli. Uzito wa mwili kila mara ukiusukuma mfupa, pande mbili husuguana, na kilichojengwa Jumatatu hubomoka Jumanne.

Hivyo basi, "kidogo".

Usiku wa wiki ya 6, nikiwa na plasta ya pili, nilikaa nikaihesabu. Hatua 3 kutoka kochi hadi kwenye meko, maziwa yalipofurika. Hatua 5, mdogo alipotambaa hadi mlangoni na mlango ulikuwa wazi na nje ni ngazi. Hatua 2 usiku, binti alipoamka kwenda haja gizani, stima imepotea, akiogopa kwenda peke yake. Hatua 4, mdogo alipotia kitu mdomoni nisijue ni nini. Kilikuwa kifungo. Sikwenda sokoni. Sikwenda kanisani. Sikwenda kwa jirani hata kupiga soga. Kila hatua niliyoivunjia amri ilikuwa na mtoto mwishoni mwake, na nikirudishwa kwenye dakika ile nitaikanyaga tena, hasa ile ya ngazi na ile ya kifungo.

Nilipomaliza kuhesabu nililia. Baba watoto ni dereva wa lori, huchukua mizigo Mombasa hadi Malaba, na kwa wiki mbili hulala nyumbani siku 2 au 3. Usiku huo alikuwa Mariakani. Nilimpigia nikamwambia mfupa haujaunga na kosa ni langu. Alinyamaza kidogo, nikasikia malori mengine nyuma yake, akaniuliza, "Hayo maziwa yangezimwa na nani?"

Swali hilo lilinifungua macho. Neno "usikanyage" husemwa kana kwamba ndani ya nyumba yupo mtu wa pili mwenye miguu miwili, na kazi yako wewe ni kutulia tu. Kwangu mtu huyo hakuwepo. Kutulia kwa mama mwenye watoto wadogo ni kazi ya watu wengine. Ni mikono ya mtu mwingine kwenye sufuria, miguu ya mtu mwingine ngazini, usingizi wa mtu mwingine unaokatizwa. Kama watu hao hawapo, amri haitekelezeki hata uwe mtiifu namna gani. Nilikuwa nimechukua wiki 6 nikijaribu kuwa mtiifu peke yangu.

Tukaanza upya, kwanza kwa kuihamisha nyumba yote chini. Godoro letu lilishushwa sakafuni ili mdogo asihitaji kunyanyuliwa. Nepi, nguo, poti, biskuti, chupa ya chai, vitabu vya kuchorea, vyote vikapangwa kwenye beseni mbili ninazoweza kuziburura. Maji ya kunywa yalitiwa kwenye mitungi ya lita 5, maana wa lita 20 huwezi kuuinamisha ukiwa umekaa. Mlango ulifungwa komeo la juu. Meko tuliipandisha mbali, na kwa miezi 3 sikupika chochote watoto wakiwa macho na mimi peke yangu.

Magongo hayamsaidii mama wa mtoto mchanga kama watu wanavyodhani. Yanachukua mikono yote miwili. Hubebi mtoto, hubebi kikombe, hufungui mlango. Ndani ya nyumba nilitumia magoti. Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo nilishona kwa mkono mifuko miwili ya kitambaa cha jinzi, nikaijaza sponji ya godoro kuukuu na kutia mpira wa kiunoni juu na chini, nikaivaa magotini. Nilitambaa nayo kila mahali. Mdogo alifurahi mno, mama amekuwa wa saizi yake. Na nilipotaka kusimama, kwa mfano kwenye sinki, nilipiga goti la kulia juu ya kiti cha plastiki, mguu ukaning'inia nyuma, mikono yote ikawa huru. Kiti hicho nilikisukuma kama baiskeli ya watoto. Ukikijaribu, hakikisha kina miguu minne mizima na sakafu imekauka.

Kuoga kulinitatiza, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na nyumbani kwangu haukuwepo hata mmoja. Jirani aliyenunua godoro jipya alinipa nailoni iliyolifunika. Niliikata, nikaivuta hadi juu ya goti, nikafunga kwa ukanda wa mpira. Ilidumu miezi yote.

Kushuka ngazi kwenda kliniki nilisota kwa makalio, kidato kimoja kimoja, gorofa 3. Mara ya kwanza niliona aibu kupishana na wapangaji. Kijana wa boda aliyekuwa akinisubiri chini alipanda hadi nilipokuwa, akachukua magongo na mkoba, akashuka mbele yangu kinyumenyume, akisema tu, "Pole pole, mathe. Nipo." Kutoka siku hiyo alikuwa yeye kila mara, na kila mara alipanda.

Binti yangu nilimweleza kwamba ndani ya plasta kuna mfupa umelala, na ukishtuliwa utaamka kabla ya wakati wake. Sikujua nimepanda nini. Alianza kunong'ona akiwa karibu na mguu. Alimkemea mdogo wake akipiga sufuria. Usiku alihamia upande wangu wa kushoto, akalala huko miezi yote.

Kuhusu chakula niliambiwa mengi, na mengine niliyafuata. Asubuhi uji wa wimbi, kwa sababu wimbi lina kalsiamu nyingi kuliko nafaka zetu nyingine. Omena wanaoliwa na mifupa yao. Maziwa mala, sukuma, mayai. Jua la asubuhi nililipata kwenye roshani, mguu juu ya kiti. Mdogo alikuwa bado ananyonya, na watu walinisihi nimwachishe wakisema ananimaliza mifupa. Nilimuuliza daktari. Ni kweli mama anayenyonyesha hupungukiwa kiasi cha madini ya mifupa kwa muda, lakini hurudi baada ya mtoto kuacha ziwa, na hakuona sababu ya kumkatiza mtoto wangu. Alinipa vidonge vya kalsiamu na vitamini D, nikaendelea kunyonyesha.

Nilimuuliza pia juu ya maji. Mtu wa Nakuru atanielewa. Maji ya visima vyetu vingi vya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi, ndiyo maana wengi wetu tuliokulia hapa meno yetu yana madoa ya kahawia, na floraidi ikizidi sana kwa miaka mingi huidhuru hata mifupa. Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Nakuru imekuwa ikitengeneza vichujio vya kuipunguza, na ndani ya vichujio hivyo kuna mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Nililala nikiwaza hilo, mfupa wa ng'ombe ukiyasafisha maji kwa ajili ya mifupa ya watu. Daktari alisema kwangu mimi hakuna dalili ya hivyo, maelezo yako karibu zaidi, ni pale palipovunjika na zile siku 9 nilizotembea. Lakini hakunicheka kwa kuuliza, na namshukuru.

Fedha sitazieleza sana, kila mwenye kibanda anajua. Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Kazi iliyotulisha, neno lake ni lilelile nililokatazwa. Muhula wa pili ulifunguliwa, wazazi wakaja na vitambaa vya sare kwenye kibanda changu karibu na Top Market, wakakuta kufuli. Baadhi walikwenda kwa wengine na hawajarudi. Nilifanya kazi ya mkono nyumbani, vifungo, mapindo, kutarizi majina kwenye sweta, na kwa hiyo nilipata ya mboga na nepi. Siyo ya kodi. Kodi ilitoka kwa baba watoto, aliyeacha kulala nyumbani ili apate safari za ziada. Yaani ili tuweze kulipia nyumba ambamo nahitaji msaada, msaada wenyewe uliondoka. Hili bado linaniuma.

Wiki ya 12, Julai, baridi ya Nakuru ikiwa imeingia mifupani mwa kila mtu, picha ilionyesha utando mwepesi upande mmoja wa ufa. Upande wa pili, hakuna. Daktari akaniambia kwa upole kwamba tukifika mahali mfupa usisonge mbele, itabidi upasuaji, skrubu ipitishwe ndani ya mfupa kuubana. Kwa wanamichezo, alisema, hufanya hivyo mapema ili warudi uwanjani. Alinipa wiki 6 nyingine.

Jioni hiyo nilimpigia mama mkwe, Molo. Sikuwa nimemwomba aje kabla ya hapo, na sababu nitaisema wazi: niliogopa aone nyumba yangu ilivyo. Vyombo, godoro sakafuni, mimi natambaa. Nilikuwa nimejiambia ana viazi shambani na miguu yake mwenyewe inamuuma. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Viazi vimevunwa tangu juzi. Ulikuwa unangoja nini, mwanangu?"

Alikuja na matatu ya saa 2 asubuhi, na unga wa wimbi, kuku mmoja hai, na maoni. Oni la kwanza lilikuwa kwamba anamjua mama mmoja anayekanda mifupa, amewaunganisha wengi. Sikumdharau, watu hao wamesaidia vizazi kabla hospitali hazijafika karibu. Nilimweleza kwamba mfupa wangu kinachoukwamisha ni kusogezwa, na mkono wowote ukiukanda utausogeza. Alifikiri, akakubali kwa njia yake. "Basi ni kama kiazi," akasema. "Ukikifukua kila siku kutazama kama kimeota, hakioti." Maneno yale nilimpelekea daktari baadaye, akayaandika pembeni mwa karatasi yake.

Mama mkwe alikaa wiki 5. Wa mlango wa pili, tunayemwita Mama Pacha, alimchukua binti yangu pamoja na wake kwenda shule asubuhi na kumrudisha, muhula mzima. Keateka wa jengo letu alipandisha mitungi 2 ya maji kila jioni. Dada wa kanisani alikuja Jumamosi kufua na akakataa nauli. Kila mmoja nililazimika kumwomba kwa mdomo wangu, isipokuwa yule wa boda, na kuomba kulinichosha kuliko kutambaa. Kwetu mtu husema "niko sawa" kabla hajaulizwa. Nilijifunza kusema kitu kamili: naomba umlete mtoto saa 7, siku za shule, hadi mwisho wa Julai. Nikisema "nisaidie tu unapoweza", watu walisema sawa na hakuna aliyejua aje lini. Nikitaja saa na kazi, walikuja.

Wapo pia waliokuja na methali. Haraka haraka haina baraka, walisema, wakiketi. Nilikuwa nakasirika ndani kwa ndani, kwa maana sikuwa na haraka ya kwenda popote, nilikuwa nimelala sakafuni. Mtu aliyevunjika mguu na ana watoto wawili hahitaji kufundishwa subira. Mletee uji. Mshikie mtoto nusu saa aoge.

Mdogo alitembea katika miezi hiyo. Alikishika kile kiti cha plastiki nilichokuwa nikikisukuma, akasimama, akakisukuma yeye. Nilimwona nikiwa nimekaa ukutani, nikanyosha mikono, na sikuweza kumkimbilia alipoyumba. Nyanya yake alimdaka. Wiki chache baadaye tukaona anachechemea, mguu wa kulia anauburura. Niliingiwa na hofu, nikampeleka akaguliwe nyonga. Alikuwa mzima. Alikuwa ananiiga mimi, alidhani kutembea ndiko huko.

Wiki ya 18, mwisho wa Agosti, ufa ulikuwa umefunikwa pande 3 kati ya 4. Daktari aliigeuza picha nione. Hakuniuliza kama nimekanyaga. Nilivalishwa buti gumu la kutembelea, nikaambiwa nianze kwa robo ya uzito, nikipima kwa mizani ya nyumbani: ukanyage juu yake hadi isome kilo 15, usikie ni uzito gani, halafu uukumbuke huo. Nilirudi nyumbani nikamwambia binti yangu mfupa umeamka. Aliutazama mguu mtupu kwa muda mrefu, mwembamba kuliko mwenzake, una nywele na magamba. Hakuugusa. Aliniuliza kama ni wangu.

Bado unavimba nikisimama sana. Asubuhi za baridi hatua za kwanza ni ngumu, na ngazini nashika chuma kwa mkono wa kulia, mtungi siubebi. Mtaalamu wa viungo amenipa kazi ya kukunja taulo kwa vidole vya mguu na kusimama kwa mguu mmoja nikiwa nimeshika sinki, na watoto hufanya nami, wote watatu tumesimama kama korongo.

Oktoba nilifungua kibanda. Kazi ya kwanza niliyoitaka ilikuwa sketi mbili za pacha, za shule, na mama yao nilimwambia asinitajie bei. Nilikata vitambaa, nikatia uzi, nikaweka mguu wa kulia juu ya chuma. Mtaalamu alikuwa amesema dakika 20 kwa siku, kwanza. Nilikanyaga dakika 20 nikaacha. Upindo wa sketi ya pili niliumalizia kwa mkono.